Kizibo cha Machozi

Kaka yangu,

Cherehani bado inanilisha, ila macho yalikuwa yakiniwasha kama yametiwa mchanga, hata kutunga uzi nikashindwa. Nikaenda kwa daktari wa macho. Alinichomekea kikaratasi chembamba kwenye kope la chini, tukasubiri dakika tano. Kikatoka kikavu karibu chote.

"Mama, macho yako yana kiu," akasema.

Ulijua machozi yana mfereji? Kwenye pembe ya jicho kuna kitundu yanakopita kwenda puani. Alikiziba kwa kizibo kidogo kuliko punje ya mtama, ili machache niliyonayo yasikimbie. Halafu akanikanda kope kwa joto, mafuta ya kulinda machozi yaliyoganda humo yatoke. Wala haikuuma!

Nikamuuliza ukavu huu ulianza lini. "Pengine miaka mitatu iliyopita."

Mama tulimzika mwaka juzi, kaka. Uliniambia nina moyo wa jiwe kwa kuwa sikutoa chozi, na hujanipigia tena. Sikukujibu, maana hata mimi nilijiogopa.

Jana nilikuwa nakunja gauni la mama, machozi yakanitoka mpaka yakalowesha kola. Nilifurahi, nikazidi kulia.

Njoo tumlilie pamoja.

Mimi mdogo wako,
Fundi