Pumzi ya Firmin Wacquez, Mpiga Tarumbeta wa Liévin

Mwaka umetimia, Firmin, tangu asubuhi ile ya Februari ulipoilaza tarumbeta sandukuni mwake ukaenda usikorudi. Nyumba bado inakusikiliza.

Baba yako alishuka chini ya ardhi ya Liévin, mji wetu huu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuchimba makaa, na vumbi likamla mapafu. Wewe ulijifunza kupuliza katika bendi ya wachimbaji, kisha ukashuka chini ya ardhi ya Paris, kwenye vyumba vile vya jazi visivyo na dirisha. Huko ukaunda bendi yako, ukazunguka nayo Ulaya. Mtu aliyekunywa kahawa yake ya mizizi ya chikori bila neno, akishika tarumbeta, maelfu walinyamaza.

Ulikuwa mwema bila kelele. Mpiga piano wako alipougua, kiti chake kilibaki kitupu jukwaani kila onyesho, kwa amri yako, hadi akarudi kukikalia.

Lakini mpaka leo tunastaajabia jinsi ulivyoanzisha wimbo. Hukuhesabu moja, mbili, tatu. Hukupunga mkono. Ulivuta pumzi kwa pua, na bendi nzima ikaingia kama mtu mmoja.

"Hesabu basi, mzee!" Évrard, mpiga ngoma wako, alizoea kukutania. "Tutafuata pua yako mpaka lini?"

"Anayetaka hesabu akauze chipsi," ulimjibu.

Julai ikafika bila wewe. Dansi ya sikukuu ya taifa, hapa uwanjani Liévin, ambayo hukuikosa hata jina lako lilipovuma Paris. Waandaaji walikwisha sema: bendi ikishindwa, basi tena, mwakani analetwa DJ.

Évrard akahesabu. Wakaingia ovyo, wakaacha. Akahesabu tena, ikawa mbaya zaidi.

"Nendeni mkalale, wazee!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka.

Ndipo mkeo Ghislaine, aliyekaa safu ya mbele miaka yote ya ndoa yenu, akapanda jukwaani na mkoba wake begani.

"Acheni kuhesabu," akawaambia. "Nitazameni mimi."

Akavuta pumzi kwa pua.

Waliingia, Firmin! Wote, pamoja! Ilikuwa pumzi yako, urefu wake uleule. Kumbe kila ulipoivuta jukwaani, yeye aliivuta nawe pale chini, wala hakuwahi kujua kwamba anajifunza. Uwanja mzima ukacheza. Évrard akapiga ngoma machozi yakimtiririka, akipiga kelele, "Huyo mzee! Huyo hapo!"

DJ hakuitwa. Julai ijayo bendi yako inapanda tena, na Ghislaine keshanunua viatu vya jukwaani.

Tunaokukumbuka: mkeo Ghislaine, wanao Bénédicte na Aubin, wajukuu wako Clothilde na Thibaut, dada yako Zélie, Évrard na bendi nzima.

Kila wimbo utakapoanza, Firmin, tutavuta pumzi, na wewe utakuwa umekwisha ingia.