Maji Matamu ya Mutisya

Ikutha, Jumamosi, 12 Agosti 1978

Chai iliyopikwa kwa maji ya Mutisya ilikuwa nzuri. Hilo siwezi kulikanusha, ingawa ningependa.

Visima vyetu, changu na cha jirani huyu, viko kando ya mto uleule mkavu. Yeye alichoka mapema, akaishia kwenye mchanga, ambamo maji ya mvua hubaki matamu. Mimi nilipima, nikachimba hadi kwenye mwamba. Huko chini maji yamekaa miaka mingi yakiyeyusha chumvi ya mawe, nami, mwalimu wa sayansi, nilipaswa kulijua hilo.

Leo mke wangu alirudi na mtungi kutoka kwake. "Baba Mwende, hayo yetu tuwaachie ng'ombe," akasema.

Mutisya, aliyemsaidia kuubeba, alicheka pale uani: "Mwalimu, umesoma mpaka ukayapita maji! Choteni tu, hata kila siku."

Uvivu wake ningeuvumilia. Ukarimu wake ndio unaonichoma.

Ukame ukizidi, kisima chake ndicho kitakachokauka kwanza. Katika sala ya jioni, mimi, mzee wa kanisa, nilijikuta nikiomba mvua za Novemba zichelewe.