Kosa Langu Kwenye Kikombe cha Maji

Jumatatu, 8 Juni
Unga wa mandazi umeshakandwa. Mama yuko kwa jirani, nimeachiwa niuangalie ukiumuka. Basi niseme, maana sijawahi kumwambia mtu: mradi wa fizikia unaompa Farida sifa shule nzima ni wangu. Kila neno. Farida ni rafiki yangu tangu madrasa, ana sauti, hana haya. Mimi nikiitwa mbele ya darasa naongea chini mpaka naambiwa nirudie. Kwa hiyo niliandika mimi, akakariri yeye. Ijumaa atauwasilisha mbele ya majaji wa kongamano la sayansi.

Mradi wenyewe ni moto wa jua. Jinsi viini vya haidrojeni, iliyomo kwenye maji haya haya ya mfereji, vinavyoungana kuwa heliamu na kutoa nishati. Nikiuwaza nywele zinasimama.

Jumanne, 9 Juni
Mazoezi nyuma ya maabara. Farida akasema, "Kikombe kizima cha maji kinageuka nishati, kinaisha!" Wasichana wakapiga makofi. Niliona raha. Na wivu. Wivu zaidi.

Jumatano, 10 Juni
Nimekosea. Mungu wangu, nimekosea.

Nilikuwa namsaidia Mama kukata madonge. Nikachukua manne, nikayabana yawe moja, eti ni haidrojeni.
"We Zuhura! Unga si wa kuchezea!" Mama akang'aka.
Donge lilikuwepo palepale, zito. Kilichopungua ni kile kiduchu kilichoganda vidoleni. Nikaduwaa. Si ndivyo ilivyo! Viini vinne vikiungana, heliamu inabaki. Katika kila sehemu elfu za uzito wa haidrojeni, kama saba tu ndizo zinazotoka kama nishati. Mimi nilipiga hesabu kana kwamba kikombe kizima kinageuka nishati. Mpaka oksijeni ya maji, isiyohusika, nikaitia!

Nimepiga hesabu upya mara tatu. Kwa kilo nzima ya maji, kinachogeuka nishati hakifiki gramu moja. Kwa kikombe ni kidogo zaidi. Na bado! Bado kingechemsha chai ya mtaa wetu mzima wa Majengo, kila asubuhi, kwa miaka. Ukweli ni mtamu kuliko kosa langu. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga.

Alhamisi, 11 Juni
Nimemwambia Farida.
"Zuu, wacha stress. Nani atajua?"
"Majaji."
"Haya, si uje useme wewe."
Akacheka. Anajua siwezi. Nimemchukia. Nimejichukia.

Ijumaa, 12 Juni
Naandika haraka kabla sijasahau hata neno.

Farida alifika kwenye sehemu ya kikombe. Jaji mmoja, mama wa miwani, akamkatiza: "Kama maji yote yameisha, hiyo heliamu umeitoa wapi?"   Farida akanitafuta kwa macho. Sikuwahi kumwona Farida akiwa na hofu.

Nikasimama. Mimi! Nikasema, "Maji hayaishi yote. Hesabu ni yangu, na nilikosea."

Basi ikawa kama mfereji uliofunguka. Madonge, vidole, saba katika elfu, chai. Nyuma huko mtu akasema, "Ai, kumbe huyu huongea!" Wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea. Jaji aliandika, akaandika. Nimerudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia.

Jumamosi, 13 Juni
Mvua nyepesi. Mama yuko sokoni.

Hatukupata ushindi. Mradi uliandikishwa kwa jina moja, kumbe wenyewe wawili, na majaji hawakupenda. Ni haki yao. Mwalimu wa fizikia amesema mwaka ujao niandikishe jina langu. Nilimjibu, "Sawa, Mwalimu," na alinisikia bila kuniambia nirudie.

Farida hakuniaga jana. Aliondoka peke yake, begi mbele kifuani. Nilimwaibisha mbele ya shule nzima. Sijutii kusema ukweli. Najutia kwamba nilimpa kosa langu ili alikariri, kisha nikamwacha alibebe mpaka jukwaani.

Ndala zinaburutwa uani. Naujua mwendo huo, ni wa Farida. Zimesimama. Zinakuja tena, polepole, mpaka mlangoni.

Daftari linaingia chini ya godoro. Haya hatayasoma. Nitamwambia kwa mdomo wangu.