Watoto Ndani ya Vyungu

Jumatatu, 4 Novemba 1912

Leo nimeng'ara! Asubuhi niliwakuta watoto wanarushiana madongo darasani, vibao vya kuandikia vimetupwa pembeni. Bwana wa misheni alikwisha kuniambia: asiyesikia fimbo, mpe hadithi. Basi nikawapa. Nimeitunga papo hapo — Bibi Kizee wa mwambao, hukamata watoto wakaidi, huwaponda, huwafinyanga, wanakuwa vyungu. Kisha huwapakia mtumbwini na kuwauza ng'ambo. Ukigonga chungu kikalia ngii, ndiyo sauti ya mtoto aliyemo.

Kimya! Mchana kutwa hakuna aliyerusha hata kijiwe. Wakati wa kula nimemsimulia mke wangu, Tuntufye. Hakucheka. Aliniuliza kama nakumbuka tunaishi wapi. Kwa Wakisi, nikasema, kando ya ziwa, kwani vipi? Akaendelea kula.

Jumatano, 6 Novemba

Sasa nimemwelewa. Hapa kila nyumba ina mfinyanzi! Mimi mtu wa Ikolo, nimekulia kwenye mpunga. Kwangu chungu ni kitu cha kupikia tu. Leo watoto wamegoma kubeba nyasi za kuchomea vyungu. Ipyana kamwambia mama yake hatakula mboga iliyopikwa ndani ya mtu. Veronika anaviamkia vyungu — anapiga magoti kabisa, "ugonile," halafu anangoja aitikiwe. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Kina mama hawacheki.

Alhamisi, 7 Novemba

Cheko limekwisha. Ni Felista. Bado mdogo, ndiyo kwanza ameanza shule. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, analelewa na bibi yake, Neli, fundi kuliko wafinyanzi wote wa hapa. Wapo wawili tu nyumbani. Neli ana macho mekundu kwa moshi na mikono yenye udongo hadi viwikoni. Yaani kama ningeambiwa nimchore Bibi Kizee wangu, ningemchora yeye. Jioni alimshika mtoto mkono, kumwosha tu. Felista akapiga kelele, akakimbia hadi kwetu, akaingia chini ya kitanda.

Neli alifuata, akasimama uani, akamwita. Mtoto hakumjibu yeye. Alisema na mimi: "Usinitoe, Mwalimu. Nitakuwa nasikia, sitakuwa mkaidi."

Neli hakunigombeza. Kasema alale tu kwenu, atakapotaka atarudi. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekanusha. Nimesimama mbele ya darasa: hadithi ile si ya kweli, niliitunga mwenyewe. Asajile, mtoto wa maswali, kanyoosha mkono. Na Yona kumezwa na samaki, alitunga nani? Jasho! Nikasema hiyo ni ya Kitabu, ni kitu kingine. Akauliza mtu atajuaje. Nikawatoa nje wakacheze.

Jioni mzee wa kanisa, Hezroni, alikuwa mlangoni. Kasikia Mwalimu anafundisha kwamba Yona ni porojo. Nimejieleza mpaka koo likakauka. Kaondoka akitikisa kichwa, na mkungu wangu wa ndizi begani.

Felista bado yuko chini ya kitanda. Anakula vya kuchoma tu. Kilichopita chunguni hakigusi.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya soko, Lyulilo. Nimekwenda kumbebea Neli vyungu, angalau mgongo wangu umfae. Mnunuzi hugonga kila chungu kwa kidole asikilize kama kina ufa — hilo nalijua, ndiko nilikoitoa ile ngii yangu. Sikufikiri tu itakuwaje watoto wakiwapo! Ngii huku, ngii kule, na kila ngii mtoto analia. Ipyana alimng'ang'ania mguu mwanamume mmoja wa Njisi: unamwumiza, unamwumiza! Mtu wa watu akaweka chungu chini polepole, akaenda kununua samaki.

Njiani Neli aliniuliza jambo moja tu. Hadithi yangu inaishaje? Ikabidi niseme haina mwisho, niliishia kengele ilipogongwa. Akasimama na mzigo wake kichwani.

"Kwetu mtoto halazwi na hadithi iliyo wazi," kasema. "Ifunge, Mwalimu."

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeifunga! Jana nilitunga hata wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Chungu kinapasuka — mtoto huyo, mzima, mbio kwa mama yake! Darasa limeshangilia, wengine wamepanda juu ya mabenchi. Kumbe dawa ya hadithi ni hadithi. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jioni. Mimi ni mjinga wa wajinga. Wamevunja vyungu! Kila ua, vyote vilivyoanikwa, kwa mawe na kwa michi. Wanawaokoa wenzao. Hata Felista, wenzake walipomsimulia, alitoka chini ya kitanda, mara ya kwanza kwa hiari yake, akaupiga teke mtungi wetu wa maji. Tuntufye kalowa hadi magotini. Nikajua leo nitalala nje. Yeye akaketi kwenye tope, akacheka mpaka machozi, akasema na wewe ndiye uliyesoma!

Felista aligeuza vigae, kimoja baada ya kingine. Akatazama na chini yake. "Hayumo," akasema. Hakulia. Alinitazama mimi kama mtu anavyomtazama mwongo. Hofu naona imepungua kidogo, maana leo amelala juu ya kitanda. Lakini nilipomtajia kurudi kwa bibi, akashika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili.

Jumanne, 12 Novemba

Kina mama wamekuja wote. Wamenihukumu uani pangu, Tuntufye akiwa upande wao. Nibebe udongo, niwakatie na nyasi, hadi vyungu vipatikane vingine. Sawa. Sikubisha. Udongo mbichi mzito jamani! Watoto walitoka shule wakanikuta nimejipaka hadi masikioni, wakafurahi sana. Ipyana kauliza nani ananifinyanga.

Neli alipita mara mbili mbele ya mlango wetu bila kugeuza shingo. Nyumba yake iko hapo ng'ambo ya njia tu. Moshi wa jikoni kwake siku hizi ni mwembamba, wa mtu anayejipikia peke yake.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo Neli kaja na bonge la udongo, kaketi katikati ya ua wetu. Hakuita mtu. Akaanza kusema kama anaongea na kuku: yeye utotoni alikuwa mkaidi kuliko wote, akiitwa haji, akitumwa haendi, na mpaka leo hakuna aliyemfinyanga.

"Sasa nani atanifinyanga mimi?"

Kisha nyuma yangu: "Mimi."

Felista akatoka. Akauponda ule udongo kwa viganja, akaukaripia: tulia, usilie! Neli akalia kitoto, ee, ee, naonewa! Mtoto akacheka. Nimekaa siku hizi zote sijasikia kicheko hicho, na nimelazimika kwenda kutazama migomba. Chungu kimetoka, kimepinda upande, cha kukaa kiganjani. Neli kasema ndaga fijo, asante sana, umenifinyanga vizuri, nikikauka tunichome. Felista akakikumbatia. Hapana. Hachomwi mtu. Bibi yumo!

Neli akamweleza kwamba udongo mbichi ukinyeshewa huyeyuka. Hachomwi, mtoto kashikilia.

Na mvua ikaja! Ya kwanza msimu huu, ghafla, kutoka ziwani. Tuntufye akawaita waingie. Felista akasimama na chungu kifuani, akatazama paa letu — lina matundu, na amelala chini yake wiki nzima, ameyaona — akageuka, akavuka njia mbio hadi nyumba ya Neli. Ameingia. Amefunga mlango.

Neli amesimama nje ya mlango wake mwenyewe. Hagongi. Nguo zimemganda mwilini. Tuntufye anamwita aje kwetu, Neli anatikisa kichwa. Naandika nikiwa kizingitini, wino unachuruzika, sijali.

Mlango umefunguka kidogo.

"Bibi, unalowa."

Neli anamwuliza, aingie huyu wa nje, au anatosha yule wa ndani ya chungu?

Felista anafikiri, kisha anafungua mlango wote.