Maji Niliyoyamwaga Juu ya Chuma cha Delbert

418 Mtaa wa Quincy,
Bakersfield, California.
Jumanne, 9 Mei 1950.

Mpendwa Mjomba Alvah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote watatu. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba baridi ya mwaka huu huko Nebraska ilikulaza siku nyingi, nami sikuwa na raha mpaka niliposikia umerudi karakanani na unagombana na farasi kama kawaida yako. Na Mkazamjomba Effa, kikohozi kimemwacha? Mwambie ile asali yake imekwisha, na mlaji mkubwa si mimi.

Sisi huku tu wazima. Marlys ametimiza miezi kumi, ana meno manne, na anatambaa mbio. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka yuko chini ya jiko. Delbert bado yuko kwenye visima vya mafuta, zamu ya mchana.

Mjomba, nina jambo moyoni na huku sina wa kumwambia. Wewe ni mhunzi. Chuma unakijua kama mimi ninavyojua nepi.

Nilikwambia Delbert anaunda gari la mbio. Ni Ford kuukuu ya mwaka ishirini na tisa, amelivua madigadi yote na kulitia injini kubwa. Majira yote ya baridi amehangaika na sehemu ya mbele tu. Anataka pua ya gari iiname karibu na ardhi, kama Emmett na wenzake wengine wa klabu ya mbio. Ametia ekseli iliyoshushwa, amepunguza majani ya springi, na zile fimbo mbili zinazoizuia ekseli isirudi nyuma amezitenganisha, moja huku, moja kule. Sasa tairodi, yaani ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili ya mbele, ikawa inagonga fimbo hizo kila akikata kona. Dawa yake ni kuipasha moto mikono miwili ya usukani, mmoja kwa kila gurudumu, na kuipinda chini ili tairodi ipite chini ya fimbo hizo. Ni vyuma vidogo, havizidi kiganja changu na vidole vyake, lakini ndivyo vinavyoyaambia magurudumu yaende wapi.

Mwanzoni hakutaka niingie gereji. Nikaanza kwa kumpelekea kahawa, kisha nikamshikia taa, kisha timazi. Siku tulipopima matairi kwa chaki, kuona kama mbele yanakaribiana kidogo kuliko nyuma, kama inavyotakiwa, aliniambia, "Lavonne, wewe una jicho. Emmett hupima kama anakata keki." Mjomba, nilitembea siku nzima kama nimevishwa nishani. Tangu hapo kila Jumamosi tupo wote humo, na mtoto ndani ya sanduku lake.

Basi Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, Delbert aliupasha mkono wa pili mpaka ukawa mwekundu, akaubana kwenye jiliwa akaupinda, akauweka juu ya matofali mlangoni upoe. Mara Emmett, rafiki yake wa klabu, akaja kumwita wakabebe injini. Delbert akaniambia, "Usiuguse ule, utakuunguza," akaondoka. Nilikuwa nimekwisha kumwogesha Marlys kwenye beseni pale pale kivulini. Niligeuka kuanika taulo. Nilipotazama tena, amefika kwenye matofali na kiganja amekinyoosha.

Nilimdaka kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikamimina beseni lote juu ya kile chuma. Kililia fshhh, mvuke ukatupanda usoni, na mimi nikacheka. Nilikukumbuka wewe unavyotupa viatu vya farasi kwenye pipa la maji. Nikadhani ndivyo ifanywavyo. Nikakifuta, nikakirudisha juu ya matofali. Delbert aliporudi alikigusa akasema, "Kimeshapoa? Vizuri." Sikusema kitu, maana kwangu hapakuwa na kitu cha kusema.

Jumapili iliyopita Emmett alikula kwetu. Wanaume wakaanza hadithi zao za magari. Emmett akasema kuna jamaa wa klabu nyingine alipinda mikono yake ya usukani, kisha akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji kwa haraka zake.

"Mmoja ulivunjika kama biskuti za shemeji hapa," akasema. "Samahani, shemeji, zako ni laini. Lakini ule mkono ulikatika, gurudumu moja likaenda Nevada, la pili likabaki California."

"Huyo si fundi," Delbert akasema, "huyo ni mchemsha mayai. Yangu mimi ilipoa yenyewe, polepole, kwa adabu."

Wakacheka. Mimi nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki.

Sasa mikono yote miwili imefungwa garini na imepakwa rangi nyeusi. Hata nikitazama siwezi kujua ni upi niliomwagia. Jumapili hii inayokuja wanakwenda El Mirage, kwenye ziwa kavu wanakoshindania magari, na Delbert anataka kupita maili mia kwa saa. Mkaguzi huwa anatikisa magurudumu na kukaza nati, lakini nani anaona ndani ya chuma?

Utasema, mwambie mumeo. Najua. Lakini ananiamini mle ndani, Mjomba. Nikimwambia, atanifungia mlango, na pengine atakuwa na haki. Halafu huenda ninaogopa bure. Viatu vyako vya farasi havikuvunjika. Je, chuma cha gari si chuma kile kile? Nijibu upesi. Barua hii ikichukua siku nne kufika, na yako siku nne kurudi, najua Jumapili itakuwa imepita. Nimehesabu mara nyingi, haiingii. Bado nakuuliza.

Ijumaa, 12 Mei.

Mjomba, barua sikuituma, kwa hiyo naimalizia hapa hapa.

Nilimwambia juzi, alipotoka kazini, kabla hajavua viatu. Nilimwambia yote, beseni, mtoto, na viatu vya farasi. Aliingia gereji, nami nikamfuata na Marlys kiunoni. Aliifungua mikono yote miwili, akaubana wa kwanza kwenye jiliwa, akaugonga kwa nyundo kubwa. Ulilia kama kengele na kupinda kidogo. Akagonga tena, ukapinda zaidi. Nikaanza kupumua.

Wa pili ulikatika kwa pigo la pili. Kipande kiliruka kikagonga mlango. Ndani yake kulikuwa na chembechembe zinazong'aa, kama sukari guru iliyovunjwa.

Delbert akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili, Emmett aliposimulia."

Akahesabu kwa vidole, "Jumapili. Jumatatu. Jumanne." Kwenye Jumanne kidole chake kikasimama.

Mjomba, hili sikukuandikia kwa sababu lilitokea baada ya kuweka kalamu chini. Jumanne jioni Delbert alilitoa gari kulijaribu. Alimpakata Marlys akazunguka naye mtaa mara mbili, polepole, wanapiga honi. Na mimi nilisimama barazani nikawapungia mkono. Nilipunga na kutabasamu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimchukua mtoto mikononi mwangu akamshika muda mrefu, kisha akasema, "Maji ningeyamwaga hata mimi. Ungefanya nini, mtoto aungue? Lakini zile siku tatu, Lavonne."

Jumapili hatashindana. Atakwenda na Emmett kwenye lori lake kutazama tu, na ameniomba twende wote. Emmett alipopata habari alisema, "Shemeji, umemwokoa mwenda mbio, na sasa nitakula biskuti zako kwa heshima." Delbert alicheka kidogo. Ni mara ya kwanza tangu juzi, nami nimekishika kicheko hicho kama yai.

Amekwisha kupata mikono mingine kwa muuza vyuma chakavu. Kwa hiyo swali langu limebadilika, na hili lina muda wa kungoja. Tuandikie namna nzuri ya kukipoza chuma cha namna hii. Delbert anasema kifukiwe kwenye majivu makavu, Emmett anasema kwenye chokaa. Mwandikie Delbert mwenyewe, atafurahi.

Msalimie sana Mkazamjomba Effa, na binamu Orpha na mumewe, na mzee Lindgren wa jirani kama bado anakuja kukaa karakanani bila kazi. Marlys anakubusu, yaani analowesha karatasi hii. Mungu akulinde goti na mikono, na moto wa karakana yako usizimike.

Tafadhali usimwambie Mama habari ya Jumanne. Nitamwandikia mwenyewe, leo hii, kabla ya chakula cha mchana.

Mimi mpwa wako nikupendaye siku zote,
Lavonne