Neno Lililokosa Zamu

Goweko, Jumanne jioni

Basi kumbe hata kompyuta ina foleni ya wanyonge.

Mjukuu wangu Milembe anatengeneza programu ya chama chetu cha tumbaku. Asubuhi wakulima walikuwa wanasoma bei kwenye simu zao, lakini bei mpya ikagoma kuingia. Milembe akasema shida iko kwenye kufuli, sehemu ya programu inayopanga nani aingie na lini.

"Kufuli lako limeshika kutu, mke wangu?" nikamtania.

"Babu nawe! Wanaosoma wanaingia wote pamoja, hawaharibu kitu. Anayeandika bei mpya lazima awe peke yake, la sivyo data zinavurugika. Sasa wasomaji hawaishi, mwandishi anangoja tu."

"Mpaka lini?"

"Hata milele. Nilisahau kuweka sharti kwamba mwandishi akifika, wasomaji wapya wakae nje kwanza."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Bibi yake alipolala kitandani mwezi mzima, wageni walipishana. Wanakwaya, majirani, mashemeji wa Bukene. Kwetu mgonjwa hafungiwi mlango. Walikuja kumwona tu, na mimi nilikuwa na neno la faragha: kumwomba radhi kwa ile miaka niliyomtelekeza nikizurura machimboni Nzega. Kila nikisogeza kigoda, "Hodi!" Nami, mzee wa mizaha, nikawachekesha wageni huku nikingoja watoke.

Alikata roho nyumba imejaa watu.

Alasiri Milembe aliliweka lile sharti, bei ikaingia papo hapo. Akapiga vigelegele.

"Umechelewa, mke wangu," nikamwambia.

Akacheka sana. Alidhani ni utani.