Sauti Iliyorudi na Sakina

Nyamirambo, Kigali
3 Juni 1983

Wifi yangu Mwamini,

Salamu nyingi zikufikie huko Bujumbura. Sisi tu wazima. Mvua imekatika, vumbi limeanza. Kaka yako kapata kazi ya kushona sare za wanafunzi, cherehani hailali.

Vitenge ulivyomfungia mwanangu Sakina vimefika naye salama. Asante kwa kukaa naye mwaka mzima na, kama ulivyoandika, kumpeleka kila siku kwa wale masista wanaofundisha watoto wasioongea. Hapa kila shule ilimkataa.

Basi wifi, Sakina anaongea! Ana miaka saba, na sikuwahi kusikia neno kinywani mwake mpaka Ijumaa iliyopita. Jirani alipiga hodi. Kabla sijaitika, Sakina aliacha uji wake, akaingia stoo, akavuta mlango. Humo gizani nikasikia mtu mzima ananong'ona: "Wageni hao. Kaa humo, usitutie aibu."

Nilidhani umekuja. Ilikuwa sauti yako, hata ule mkwaruzo wa kooni. Nilipofungua, alikuwa mtoto peke yake, kakumbatia magoti.

Tangu hapo, kila hodi ni hivyo hivyo. Kaka yako hushinda kibandani kwake, bado sijamwambia.

Umeandika kwamba Idi utakuja. Njoo, ni kwenu. Ila usipige hodi. Wewe umeshaingia, wifi, na sijui nitakutoaje.

Ni mimi,
Zaituni, mama Sakina